Kalamu ya Kijani ya Bi Daftari

Wanawake wa mji ule walikuwa na ugonjwa mmoja wa ajabu: kuanguka. Wanaume wao walipanda mapaa, walipanda nguzo, walibeba magunia kwenye ngazi za mbao zilizooza, wakashuka salama. Lakini mwanamke akitoka jikoni kwenda sebuleni, hatua nne tu, puu! Kaanguka. Tena haangukii goti wala kiwiko kama binadamu wengine. Anaangukia jicho. Anaangukia shingo, na shingoni panabaki alama za vidole, sijui ni vidole vya sakafu! Ndivyo lilivyosema daftari la hospitali, na daftari la serikali halisemi uongo, au siyo?

Aliyekuwa akiliandika ni mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, mdomo wake haujui likizo. Hospitali nzima ilimwita Bi Daftari. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi ya majeruhi, kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, umefungwa mpira wa baiskeli, akijaza safu tano: tarehe, jina, umri, jeraha, sababu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata madaktari waliuonea wivu. Akija mwanaume na kidole kilichokatika nusu, atamuuliza, "Umekatwa na kisu au na haraka zako?" Watu wakacheka foleni nzima, hata mwenye kidole.

Lakini kwa wanawake wale hakutania.

Kwa nini basi aliandika uongo? Sikiliza kwanza, usihukumu. Sheria ilikuwa kwamba ukiandika "amepigwa", daktari hashiki sindano mpaka fomu ya polisi ije. Mwanamke anatoka hapo na kichwa kimepasuka, ameshikilia kitambaa, anatembea mpaka kituoni, na kituoni askari wa zamu anamuuliza, "Ulimfanya nini mumeo?" Kisha anaambiwa akamlete huyo mume wayazungumze, ya nyumbani yaishie nyumbani. Mwezi wa pili wa Bi Daftari kazini, alikuja fundi cherehani mmoja, mwanamke wa rika lake, naye akamwandika "amepigwa" kwa mwandiko wake mzuri kabisa. Fundi cherehani akaenda kutafuta fomu. Dirishani hakurudi. Siku ya tatu aliletwa kwa mlango wa nyuma, juu ya machela, amefunikwa mpaka kichwani.

Metroni wa siku zile, mama wa maneno machache, alikuja dirishani akalifunga daftari kwa kiganja. "Kuanzia leo wanaanguka," alisema. "Umenielewa? Waanguke, washonwe, wapone. Mengine tutayajua mbele." Metroni akastaafu, akafa, na hayo mengine hakuna aliyeyajua, mbele wala nyuma. Wanawake wakaendelea kuanguka.

Bi Daftari aliukubali uongo ule, lakini ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Uongo wa namna hiyo alikuwa amelelewa nao nyumbani. Mama yake alikuwa na pengo la mbele, na familia nzima ilijua kisa chake: jino lilivunjwa na muwa. Watoto walimtania, "Mama, muwa huo unakuita!" naye akacheka huku ameziba mdomo. Siku ya tatu baada ya kumzika baba yao, mama alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuulizwa na mtu, "Mimi muwa sijawahi kuupenda." Akaendelea kuchambua. Bi Daftari, mtu mzima wa miaka thelathini, alitoka nje akapiga teke ndoo ya jirani mpaka ikapasuka. Ikabidi amnunulie nyingine.

Basi akajitafutia njia yake. Alinunua kalamu ya wino wa kijani, akaichomeka kwenye nywele, na ya bluu ikabaki mezani. Aliyeanguka kweli, bluu. Aliyepigwa, neno ni lile lile "ameanguka", lakini kijani. Bluu kwa kweli, kijani kwa uongo. Na hakuandika kwa kukisia. Alisogeza mdomo kwenye tundu la kioo, akamuuliza mwenye jeraha mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Ulianguka kweli, mwanangu?" Wengine walijibu kwa macho, wengine kwa machozi, na mkono wake ukapanda kwenye nywele. Hakumwambia mtu. Alijisemea iko siku atakuja mwenye akili, atafungua madaftari haya, atauliza kwa nini rangi ni mbili.

Mwenye akili akaja. Alikuwa mtafiti, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ametumwa kuchunguza wanawake wa mji wanaumizwaje na nini kifanyike kuzuia. Alifika na barua yenye mihuri mitatu na mashine yake ya fotokopi. Bi Daftari karibu apige vigelegele. Alimpa kiti, akamletea chai, akambebea mwenyewe madaftari ya miaka saba, akayapangusa vumbi moja moja. Mtafiti akayalaza kifudifudi kwenye mashine, ukurasa baada ya ukurasa, siku mbili nzima, akashukuru sana, akaondoka. Hakuuliza kitu. Na Bi Daftari, kwa kudhani kwamba msomi haambiwi linaloonekana kwa macho, hakusema kitu. Loo! Watu wawili wazima, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na kati yao mashine isiyojua rangi.

Miezi minne baadaye, siku ya Jumatatu, Chiriku aliletwa hospitali.

Chiriku alikuwa binti wa kaka yake Bi Daftari. Kaka alipofariki, shangazi alimchukua mtoto akiwa na miaka tisa, akamlea. Jina hilo alilipata kwa sababu alikuwa hanyamazi. Alikuwa anaongea anakula, anaongea anaoga, anaongea usingizini. Aliolewa na fundi umeme, kijana mpole, mwenye salamu ndefu, aliyefunga taa za hospitali nusu yake bure. Siku za mwanzo shangazi alikuwa akijisifu kwa manesi, "Mkwe wangu ni wa kuazimwa." Sasa Chiriku alikuwa na mbavu mbili zimevunjika, na kwa siku nzima alisema maneno yasiyofika kumi. Shangazi alimuuliza lile swali lake kwa sauti ya chini. Chiriku akafumba macho. Kijani. Ilikuwa mara yake ya tatu chini ya kijani.

Wakampeleka Chumba Namba Tisa. Kilikuwa mwisho wa korido, vitanda vitatu na sista mmoja, na ndicho chumba pekee katika hospitali nzima chenye komeo kwa ndani. Metroni marehemu alikidai kwa miaka saba mpaka akakipata. Mwanamke aliyeanguka aliweza kulala humo wiki mbili tatu, mpaka ajue pa kwenda. Chiriku alilala akiangalia lile komeo.

Jumatano wafanyakazi wakaitwa ukumbini kusomewa ripoti ya utafiti. Projekta ikawashwa. Mganga mkuu akakaa mbele na suti yake ya wageni.

"Katika majeraha yote ya wanawake kwa miaka saba," mtafiti alisoma, "sababu kuu ni kuanguka. Kesi mia sita na kumi na nne. Zilizoandikwa kupigwa, zilizokuja na fomu ya polisi, ni tatu."

"Tatu tu," alirudia mganga mkuu, akaangalia ukumbi kama baba aliyefaulisha watoto.

Mtafiti akaendelea na mapendekezo. Vishikio kwenye ngazi. Mikeka ya mpira bafuni. Elimu kwa akina mama kuhusu hatari ya sabuni sakafuni. Sabuni, Mungu wangu! Ukutani ulionekana ukurasa wa daftari, mkubwa kama mlango, mwandiko wa Bi Daftari mwenyewe, na kila mstari mweusi. Hakuna bluu, hakuna kijani. Alikodoa macho mpaka yakamuuma.

Mganga mkuu akasimama kufunga mkutano. "Kwa matokeo haya, Chumba Namba Tisa hakina kazi tena. Hatuwezi kuweka vitanda vitatu kwa kesi tatu za miaka saba. Kuanzia Ijumaa saa sita mchana kitakuwa stoo ya mashuka. Waliomo warudi makwao."

Warudi makwao! Kwao Chiriku ni kwa fundi umeme.

"Subiri kwanza!" Bi Daftari alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake, na hicho kilianguka kweli. "Sabuni? Wanawake mia sita wameteleza kwenye sabuni? Mji huu una sabuni gani hiyo, inayoacha alama za meno?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka hawakupaswa kucheka. "Mama, kaa chini," alisema mganga mkuu.

"Nimekaa miaka ishirini na miwili, baba. Makalio yamechoka." Akamgeukia mtafiti. "Wewe binti, madaftari yangu uliyasoma?"

"Nilisoma kopi zote, mama. Kila mstari."

"Sijasema kopi! Daftari lenyewe, kwa macho uliyopewa na Mungu!"

Mtafiti alivua miwani. Hakuwa mjinga, na hakuwa na kiburi. Hilo lazima tumpe. "Niliona rangi mbili," alisema polepole. "Nikadhani kalamu moja iliisha wino."

"Na mimi nikadhani umeelewa. Basi sote wawili tumewaua wale wanawake."

Alitoka ukumbini bila kuomba ruhusa, akarudi amekumbatia madaftari saba, jasho linamtiririka, akayabwaga juu ya meza mbele ya suti ya wageni. Akaeleza. Metroni, fomu, fundi cherehani, kalamu. Hakutaja jina la mwanamke hata mmoja. Manesi wa zamani walikuwa wanaangalia viatu vyao, kwa sababu nao walijua kuhusu kuanguka, ila hawakujua kuhusu rangi.

"Unaelewa unachosema?" mganga mkuu aliuliza. "Unasema umeghushi daftari la serikali miaka yote hiyo."

"Ndiyo. Na wewe umepita dirishani kwangu kila asubuhi, ukawaona wamekaa kwenye benchi na nyuso zimevimba, ukasema 'poleni'. Ulikuwa unawapa pole ya nini? Ya sabuni?"

Mganga mkuu akayasukuma madaftari kwa mtafiti.

Walihesabu mpaka alasiri, mtafiti na Bi Daftari, bega kwa bega. Mia nne thelathini na moja za kijani. Mtafiti aliandika ile namba, akaikata, akahesabu upya, ikatoka ile ile. Alikuwa analia kwa hasira, na Bi Daftari akamwambia alie baadaye, sasa ageuze ukurasa.

Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja ambao Bi Daftari aliugeuza yeye mwenyewe, haraka, kwa kiganja kizima. Ulikuwa wa miaka sita nyuma. Juu kabisa palikuwa na jina la binti wa kaka yake, mkono umevunjika, sababu: ameanguka bafuni. Kwa bluu.

Siku ile Chiriku alikuja na mumewe. Mume ndiye aliyesogea kwenye tundu la kioo, akasalimia kwa heshima, akasema, "Shangazi, mwanao huyu bafuni anacheza kama mtoto." Naye shangazi akacheka. Akamuuliza yeye! Wanawake mia nne aliwauliza wenyewe, kwa sauti ya chini, lakini wa kwake aliyemlea alimwandika kwa mdomo wa mwanaume, kwa sababu mwanaume alikuwa mpole na taa ya pale mezani aliifunga yeye. Chiriku alikuwa amesimama hatua moja nyuma, anaangalia kalamu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wa Bi Daftari alikuwa ndani ya nguo, na yeye ndiye aliyempigia pasi.

Hilo hakumwambia mtafiti. Aibu ilimziba. Namba ikabaki mia nne thelathini na moja.

"Kuna jambo moja," mtafiti alisema walipomaliza. "Rangi peke yake haitoshi. Lazima utie saini kwamba wewe ndiye uliyeandika na kwamba kijani maana yake ni hii. Ukisaini, nitaiondoa ripoti yangu leo hii, na chumba hakitaguswa mpaka tuhesabu upya hospitali zote. Lakini karatasi hiyo hiyo ndiyo watakayokufukuzia kazi."

"Lete."

"Fikiri kwanza, mama. Hata mpaka kesho."

"Mwanangu, kesho kuna mwingine ataanguka. Lete."

Akatia saini. Alhamisi simu zikapigwa kutoka juu, na mganga mkuu akaambiwa chumba kibaki kama kilivyo. Alhamisi hiyo hiyo akamwandikia Bi Daftari barua: kuanzia Jumatatu asionekane dirishani. Bi Daftari aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya ule mguu wa kiti uliokuwa mfupi. Kiti kikatulia.

Lakini tangazo la kufunga chumba lilikuwa limeshabandikwa getini tangu Jumatano, na hakuna aliyekumbuka kulibandua. Ijumaa kabla ya saa sita, fundi umeme akafika dirishani. Shati limepigwa pasi, mkononi ameshika viatu vya mkewe, vile alivyotoka nyumbani bila kuvivaa. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wao wanawake. Akawapita wote kwa "samahani, samahani", kama mwenye nyumba.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi hakuitikia. Watu wa foleni wakainua vichwa. Mtu mzima akiamkiwa akanyamaza, hapo pana jambo.

"Nimekuja kumchukua mwenzangu. Nimesoma pale getini chumba kinafungwa."

"Hakifungwi."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha upole. "Basi nitamsubiri. Ameanguka vibaya safari hii. Namwambia kila siku, angalia unapokanyaga."

Bi Daftari alihisi damu inampanda mpaka kwenye masikio. Mkono wake ulikuwa juu ya mashine ya kutobolea karatasi, ya chuma, nzito, na naapa alipima umbali kati ya ile mashine na paji la uso lile lililopakwa mafuta. Aliiacha. Akafungua daftari la mwaka huu, ukurasa wa Jumatatu.

"Hapa kwenye sababu," alisema, "naona pameandikwa ameanguka."

"Ndivyo, shangazi. Ameanguka."

"Sijakuuliza wewe!"

Sauti ilitoka kupitia tundu la kioo, ikafika getini. Mtoto wa mtu akaanza kulia. "Miaka sita iliyopita nilikuuliza wewe! Nikakuuliza wewe kama mjinga, nawe ukanijibu huku unacheka! Leo sikuulizi. Hata ukiniambia jua limechomoza, nitatoka nje nikaangalie!"

Fundi umeme alirudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mama aliyekuwa nyuma yake. Mama yule hakusogea. Wa nyuma yake pia hakusogea. Uso wa upole ukamtoka, kwa mara ya kwanza mbele za watu, na uliokuwa chini yake foleni nzima ikauona. "Muite mke wangu," alisema, na meno hayakuachana.

Komeo la Chumba Namba Tisa lilisikika likivutwa.

Chiriku alikuja akiifuata korido taratibu, mkono mmoja ubavuni, peku, sista nyuma yake. Hakumtazama mumewe wala viatu. Alikwenda kwenye mlango wa mapokezi, wa upande wa ndani, akasimama kando ya kiti cha shangazi yake. Tangu aolewe hakuwahi kusimama upande huo wa kioo.

Shangazi akaushika mkono wake. Akamuuliza kwa sauti ya chini, kama alivyowauliza wote, "Sababu, mwanangu?"

"Nimepigwa."

"Na nani?"

"Na huyo." Hakunyoosha kidole. Palikuwa na mwanaume mmoja tu wa kumtazama. "Andika. Fomu ya polisi nitaifuata, sista amesema tunakwenda wote. Hata hao wawili watatu hapo foleni, kama wana nafasi, watusindikize."

"Nafasi tunayo," alisema yule mama aliyekanyagwa.

Bi Daftari akalivuta daftari. Mkono ukaanza kupanda kwenye nywele.

"Shangazi," alisema Chiriku. "Na ile ya kwanza. Ile ya bafuni. Niliona ulivyoiandika. Uliandika kwa bluu."

Mkono ukabaki hewani. Kumbe alijua. Alijua maana ya rangi tangu utotoni, alipokuwa akifanya kazi zake za shule chini ya meza ile ile, na siku ile alisimama hatua moja nyuma ya mumewe akisubiri aone shangazi yake atashika kalamu gani. Aliporudi nyumbani alinyamaza, na shangazi akawaambia watu ndoa imemtuliza.

Bi Daftari hakusema nisamehe. Lingekuwa neno dogo mno, na hasira aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe ilikuwa haijabakiza nafasi ya neno. Alilitafuta daftari la miaka sita nyuma kwenye rundo, akalifungua kwenye ule ukurasa alioufunika kwa kiganja, akaukata mstari wa juu kwa rula, mbele ya Chiriku, mbele ya foleni nzima, mbele ya fundi umeme aliyekuwa akitafuta pa kupitia na hapati.

"Nieleze," alisema. "Yote. Tangu mwanzo."

Chiriku akaanza kuongea. Akaongea kama zamani, bila kituo, na shangazi yake akaandika kila neno, akitoka safu ya sababu mpaka pembeni mwa ukurasa. Kalamu ya kijani aliiacha kwenye nywele. Aliandika kwa bluu.